Nywele Baba Alizomnunulia Mama

Juzi nilirudi Nakuru kwa shughuli zangu, na kama ujuavyo, rafiki yangu, mtu akirudi mji aliokulia, miguu humpeleka itakako. Yangu ilinishusha mpaka barabara moja nyuma ya soko. Zamani palikuwa na mafundi wa baiskeli pale, na sasa kila mlango wa pili ni duka la mawigi. Vichwa vyeupe vya plastiki vimepangwa dirishani, havina macho, na kila kimoja kimevikwa nywele zake. Kuna za kufika kiunoni, kuna za kukatwa shingoni, kuna nyekundu kama nyanya iliyoiva. Nikasimama kutazama, na kabla sijajiondoa, msichana wa duka akatoka mbio.

"Sasa mathe, karibu ndani. Bei isikushtue, tutaongea. Hii fupi itakutoa vizuri sana. Mzee hatakutambua ukifika nyumbani."

Mathe! Nilimeza neno hilo kama dawa chungu, maana moyoni bado nahesabiwa na wasichana. Nikamuuliza kwa mzaha watu hununua vitu hivi kwa nini, kwani nywele zao zina kosa gani.

"Aii, si ni urembo tu. Wengine ni harusi, wengine hawana wakati wa kukaa saluni. Wengine nywele imetoka tu, lakini hao hawasemi. Wanaingia, wanavaa kofia juu, wanalipa, wanaenda."

Alilisema jambo hilo kwa wepesi huku akitafuna peremende, kisha akaanza kumwita mteja mwingine. Mimi nikaondoka. Nililelewa na mmoja wa hao wasiosema, na nimekuwa nikimnyamazia miaka yote hii. Leo nitasema.

Tulikaa katika nyumba za reli, zile za mstari mmoja, kila familia chumba kimoja na bomba la maji nje. Babu alikuwa ameletwa Nakuru na reli kutoka magharibi, akafia kazini, na chumba kikabaki kwa baba. Baba naye alikuwa mpakiaji wa magunia katika kinu cha unga. Jioni alirudi mweupe mpaka kope, na mdogo wangu, aliyekuwa hajui kutembea vizuri, alimlilia kila siku akidhani ni mtu mwingine, mpaka baba anawe uso. Mama alikuwa mtoto wa wakulima wa viazi wa Dundori. Kwao hawakufurahi alipoolewa na mtu wa mbali, na kwao baba vilevile hawakufurahi. Ndiyo maana hatukuwa na wageni wengi. Tulipendana sana, pengine kwa sababu hatukuwa na wengine wa kuwapenda.

Mama alikuwa na kibanda cha chakula karibu na lango la kinu. King'ora cha saa ya chakula kilipolia, wanaume walimwagika nje kama punje, na kabla vumbi halijatulia mabenchi yake mawili yalikuwa yamejaa. Chapati na maharagwe, viazi na kabeji, chai ya maziwa ya kuchemka mpaka ibadilike rangi. Kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kuchambua maharagwe juu ya ungo na kumenya viazi vya Dundori, vile vyekundu vyenye macho mengi. Miezi ya ukame upepo uliinua vumbi jeupe kutoka ziwani likaingia kila mahali, na mama alikuwa akifunika masufuria huku ananikemea mimi, kana kwamba vumbi nililituma mimi. Nilizoea.

Lakini nilikuwa na kazi nyingine, na hiyo niliifanya mlango ukiwa umefungwa. Jumamosi jioni nililiosha wigi la mama.

Lilikuwa jeusi, la mawimbi, la kufika mabegani. Nililitumbukiza kwenye karai la maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, nikalikamua kwa taulo bila kulisokota, kisha nikalivika sufuria iliyopinduliwa na kulisukuma chini ya kitanda likauke. Jumapili asubuhi nililichana kwa chanuo la meno mapana, nikianzia nchani kwenda juu, kama mama alivyonifunza. Hata baada ya kuoshwa lilinuka moshi wa makaa na mafuta ya chapati. Kwangu ile ndiyo harufu ya mama, na sijapata kuinusa popote tena.

Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimetoka. Zilianza mabaka madogo kama sarafu, yakawa ukubwa wa kisahani, mwisho kichwa kikabaki kitupu na nyusi zikafuata, akawa anazichora kwa wanja kila asubuhi. Daktari wa zahanati alimweleza kuwa mwili wake ulikuwa umezigeuka nywele zake, ukadhani ni adui. Hakuna maumivu, hakuna kuambukiza, na dawa ya uhakika hakuna. Mama alishukuru akarudi nyumbani. Angeweza kuishi na kipara. Asingeweza kuuza chakula akiwa na kipara.

Unaikumbuka miaka ile. Ule ugonjwa ambao watu hawakuutaja jina ulikuwa unazoa watu mtaani mwetu, na alama ya kwanza iliyotazamwa ilikuwa nywele. Jirani yetu mmoja alikuwa akiuza mandazi mazuri kuliko ya mtu yeyote. Nywele zake zilipolegea na kupungua, wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mandazi yalilala mpaka yakawa magumu kama mawe, naye akalala kitandani, na hakuinuka. Mama alimpelekea uji mpaka mwisho. Aliporudi kutoka kumzika aliniambia, "Mteja hula kwa macho kwanza. Macho yakishiba hofu, mdomo haufunguki."

Wigi alilinunua baba. Hebu mwone mwanamume yule mwenye mabega ya kubeba gunia, amesimama kwenye mitumba katikati ya akina mama, anajaribisha mawigi kichwani kwake mwenyewe kwa kuwa anajua kofia yake inamkaa mama sawasawa. Wauzaji walimcheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akageuza shingo huku na huku, akawauliza limemkaa vipi nyuma. Aliporudi nalo kwenye mfuko wa karatasi, mama alilia, na baba akasema neno alilokuwa akilirudia kila mara, "Mimi nilioa kichwa, sikuoa nywele."

Jumapili baada ya kanisa alimkalisha kwenye kigoda, akachovya vidole katika mkebe wa mafuta ya kukamulia ng'ombe, akampaka kichwani polepole, kuanzia utosini mpaka nyuma ya masikio. Mama alifumba macho. Redio ilikuwa inaimba kwa jirani, maharagwe ya Jumatatu yamelowekwa, mdogo wangu analala. Nimeona mambo mengi tangu hapo, nimeona hata watu wakipewa maua, lakini bado naamini kwamba siku zile ndani ya chumba kile ndipo nilipoona mtu anapendwa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata zilikuwa mbili tu, baba na mimi. Nyanya, mama yake baba, alipokuja kututembelea kutoka magharibi, mama alilala na wigi lake chini ya kitambaa usiku kucha. Nyanya alizisifu zile nywele. Alirudi kwao akasimulia.

Kisha baba akafa. Siku moja kinu kilimpa kazi ya kusindikiza mzigo, na lori alilopanda lilipinduka karibu na Kikopey, pale magari yanaposimama watu wale nyama choma. Walioacha sahani zao kukimbilia mahali pale ndio waliomtoa chini ya magunia. Habari ilimfikia mama kibandani, mwiko mkononi, na wanaume aliokuwa akiwalisha ndio waliomshika asianguke kwenye jiko.

Tulisafiri kumzika kwao. Ndani ya basi mama alimlaza mdogo wangu mapajani pake. Tulipokuwa tumeshapita milima na hewa imeanza kubadilika, aliniinamia sikioni akasema neno moja.

"Watanivua."

Nilielewa, kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za desturi ile. Ukoo wa baba wakishazika, siku ya tatu wafiwa wote wananyolewa mbele ya nyumba ya marehemu, na mjane ndiye wa kwanza. Nywele alizoziona marehemu zinaanguka chini, na msiba unaanguka nazo. Mjane asiponyolewa hawezi kupika, hawezi kumbeba mtoto wa mwenzake, hawezi kuondoka bomani. Kwa hiyo mama hangeweza kurudi Nakuru na sisi bila kunyolewa, na hangeweza kunyolewa bila kuonekana.

Mnyoaji alikuwa mjane mzee wa ukoo, aliyewanyoa wajane wote wa pale. Asubuhi ya siku ya tatu mama alimfuata jikoni, akapiga magoti. Alizungumza naye Kiswahili kwa sababu lugha ya pale hakuijua vizuri.

"Mama, nakuomba uninyolee ndani ya nyumba. Wewe na mimi tu."

"Ndani? Mjane hanyolewi ndani kama mtu ameiba kitu. Kwani unaficha nini?"

Akaletwa nje. Watu walikuwa wamejaa uani, wengine wamesimama mpaka migombani. Mama akaketi chini miguu imenyooka mbele, akafunguliwa kitambaa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa na bakuli la maji. Alizishika nywele ili azilowanishe, zikamfuata mkono. Alipiga kelele akalitupa wigi kama aliyeshika nyoka, na kichwa cha mama kikabaki wazi juani, kinang'aa.

"Woi! Huyu ameshanyolewa!"

Nikasikia kuku wakipekua nyuma ya nyumba. Mnyoaji alimzunguka mama polepole, wembe mkononi.

"Nani alikunyoa?" akauliza. "Nani alikunyoa, na bwana yako alikuwa bado hajakufa?"

Naomba uelewe walichokiona wale wanawake, kwa kuwa hawakuwa wabaya kuliko wengine. Mwanamke anayenyolewa kipara cha namna ile ni mjane. Mama alikuwa na kichwa cha mjane tangu zamani, na alikificha. Basi ama alikuwa ameshamlilia mumewe angali hai, yaani alijua kifo kinakuja na pengine alikiita, ama hicho si kichwa cha msiba bali ni kichwa cha ule ugonjwa. Akinyamaza ni mchawi. Akisema ni mgonjwa, basi ni mgonjwa. Nilimwona akitafuta mlango wa tatu kwa macho, akanitazama mimi, akamtazama mdogo wangu mgongoni mwa nyanya.

"Ni ugonjwa wa nywele peke yake," alisema. "Daktari aliniambia hauambukizi. Bwana yangu alikuwa anajua. Yeye ndiye alininunulia hiyo."

"Anajua, ee," shangazi akajibu. "Na yuko wapi atuambie? Huo ugonjwa unaitwa nani?"

"Uko na jina. Ni la kizungu, siwezi kulitamka."

Mnong'ono ukapita uani. Nyanya alikuwa amejifunika uso kwa leso. Hakulia; nadhani alikuwa anakumbuka jinsi alivyozisifu zile nywele kwa majirani.

Wazee wakaitwa. Wakasema kunyoa ni lazima, la sivyo marehemu hatatulia. Wakaambiwa hakuna cha kunyoa. Wakajadiliana kwa lugha yao muda mrefu, jua likipanda, na mama ameketi palepale kichwa wazi, hakuna aliyemrudishia hata kitambaa. Mwisho mnyoaji akainama, akaliokota wigi mavumbini, akalikung'uta kwenye paja.

"Marehemu alikuwa anaona nywele gani akimwangalia?" aliuliza. "Alikuwa anaona hii. Basi hii ndiyo ilimjua. Mvalisheni."

Wakamvalisha mama wigi lake, wakalinyoa.

Si kitu rahisi kunyoa wigi. Nyuzi zile hazikati kama nywele. Zilijikunja zikateleza chini ya wembe, maji yakazishikanisha, mnyoaji akavuta kwa nguvu na kukwaruza. Wembe ulipofika kwenye wavu wa ndani, ukapita mpaka ngozini. Damu ilitiririka kwenye paji la uso wa mama, ikachanganyika na wanja wa nyusi zake, ikashuka nyeusi. Na hapo mtoto mmoja akacheka. Sijui kama alicheka kwa hofu. Mwenzake akamfuata, kisha wanawake wawili wakaficha midomo kwenye leso zao, mabega yakiwatikisika, na kicheko kikaenea kama moto kwenye nyasi kavu. Wanaume waligeuka wakatazama shamba. Msiba wa baba yangu uliishia kwa kicheko, rafiki yangu, na tangu siku hiyo kicheko cha watu wengi kinanisimamisha nywele. Nami nilinyolewa baada yake, nikahisi wembe ungali na mafuta yale ya ng'ombe.

Desturi ilitosheka. Watu hawakutosheka. Jioni ile waliketi, wakaamua mama aende na binti aende naye, lakini mtoto wa kiume abaki. Shangazi alisema bila kupandisha sauti, "Huyu ni jina la ndugu yangu. Siwezi kumpatia mtu ambaye hatujui kesho atajinyoa kwa kifo cha nani." Mama aliomba, alishika miguu ya nyanya, alitaja Mungu. Asubuhi mdogo wangu alipewa hindi la kuchoma akapelekwa nyuma ya nyumba kuonyeshwa vifaranga, sisi tukaambiwa tupite mbele. Tulifika barabarani kabla hajaanza kulia. Kisha tukamsikia.

Nakuru tulitanguliwa na habari. Wapakiaji wawili waliokuja kumzika mwenzao walikuwa pale uani, na lisemwalo lipo. Mama alifungua kibanda Jumatatu akiwa na kitambaa. King'ora kikalia, wanaume wakatoka, wakamwamkia kwa heshima zote, "Pole mama, pole sana," wakapita kwenda kula kwingine. Maharagwe tuliyala sisi siku tatu. Nilimwambia anunue wigi lingine. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni mwenye nia nzuri.

"La kununua lipo," alisema. "Anayenivisha ndiye hayupo."

Tulihamia Mau Narok, kwenye mashamba makubwa, akachimba viazi vya watu na kuokota ngano iliyobaki baada ya mashine. Baridi ya kule humfunga kila mtu kitambaa, na hakuna aliyeuliza kitu. Kila Desemba alitafuta nauli akaenda magharibi kumwona mwanawe, na kila mara alikuta ametumwa mahali. Mwaka mmoja alimkuta. Mtoto alimkimbia. Alikuwa ameambiwa mapema mama yake ni mtu wa namna gani. Baada ya hapo hakwenda tena, na mimi nilisoma kwa viazi vile mpaka nikawa mtu wa kuitwa mathe madukani.

Mama alikufa mwaka jana. Alikuwa amekataza asirudishwe kwa baba, kwa hiyo tulimzika makaburi ya mjini Nakuru, watu wachache, upepo wa vumbi. Siku hizi nyumba za reli zimebomolewa, kinu kimefungwa na mabati yake yameuzwa, na pale penye kibanda watu wanaosha magari. Sikuona la kunirudisha mtaani kwetu. Lakini wakati wa kufukia kaburi niliona mwanamume mrefu amesimama pembeni peke yake, na nilimjua kwa mabega. Yalikuwa ya baba.

Alingoja watu watawanyike. Alinisalimu kwa mkono, kama wageni wanavyosalimiana, akasema alipata habari kwa mtu. Akasema kule kwao alikua akisikia mama alijinyoa kabla ya baba kufa. Alitaka kusikia kwangu mara moja tu, kama ni kweli.

Nikamweleza yote, tukiwa tumeketi juu ya ukuta wa makaburi. Nilimweleza habari za daktari, mitumba, Jumapili zile. Alisikiliza akitazama viatu vyake. Nilipomaliza akauliza zilianza kutoka lini hasa. Nilitaka kumdanganya, nikashindwa.

"Ulipozaliwa wewe."

Nilidhani atainuka aende, nami nisingemlaumu. Badala yake akaniuliza kwa sauti ya mtoto, mtu mzima yule mwenye ndevu, "Dada, alikuwa anacheka namna gani?"

Nikafungua mdomo nimwonyeshe. Nilitafuta chumbani mwetu, nikatafuta kibandani, nikatafuta kote nilikoishi naye miaka hiyo yote mpaka nikamzika, na sikukipata kicheko chake. Kile nilichokuwa nakisikia masikioni kilikuwa cha watu wale uani. Nikamwambia mdogo wangu sijui, nimesahau, na tukalia pamoja, kila mmoja akimlilia mama yake.